Fosfati, ziwa Kivu na ule unga wa matabaka: unakamata nini, unashindwa wapi

Mutu akikuambia fosfati inaingia ziwani Kivu, ya kwanza kuja kichwani ni sumu, ya pili unauliza kama sambaza (wale samaki wadogo wa Kivu) ya jioni bado inalika. Inalika bana. Fosfati si sumu kwa mutu, iko ndani ya mifupa na meno yetu, iko ndani ya maharagi na samaki, mutu muzima anatoa fosforasi gramu moja na kidogo kila siku, sehemu kubwa inapita kwa mukojo, na hakuna anayelazwa juu ya hiyo. Shida yake ni ingine: ni chakula, na ndani ya maji wa kwanza kukila ni mwani, na mwani ukikipata hausimami. Hii makala inaangalia unga moja wa kukamata hiyo fosfati, hidroksidi dabo za matabaka, kwa kifupi HDL: unafaa wapi, unashindwa wapi.

Hesabu yake iko hivi. Mwani unajijenga kwa atomu karibu 106 za kaboni na 16 za nitrojeni kwa kila atomu 1 ya fosforasi, ni uwiano ambao Alfred Redfield wa Marekani aliuona kwa maji ya bahari toka miaka ya 1930. Kaboni haikosekani, inatoka hewani. Nitrojeni nayo, kuna aina za mwani wa bluu-kijani zinaivuta hewani zenyewe. Ila fosforasi haina akiba hewani, inatoka kwa mawe, kwa udongo unaotelemka na mvua, kwa choo, kwa sabuni, na mara nyingi njo inayoamua mwani utafika wapi. Ukifuata uzito wa hizo atomu utaona gramu 1 ya fosforasi inatosha kujenga karibu gramu 100 za mwani mukavu. Njo maana watu wa maziwa wanaipima kwa mikrogramu: ziwa likishapita mikrogramu 30 na kitu kwa lita, wanaanza kuliweka kwa orodha ya maziwa yaliyolishwa kupita kiasi.

Kama unabisha, angalia walichofanya Canada mwaka 1973. David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo la Ontario, lile wanaloliita ziwa namba 226, wakalikata katikati kwa pazia la plastiki, pande zote mbili wakatia kaboni na nitrojeni, upande moja tu wakaongeza fosforasi. Upande ule ukageuka kijani kibichi, ule mwingine ukabaki vile ulivyokuwa, na picha iliyopigwa toka angani ilimaliza ubishi uliokuwa umechukua miaka kati ya wanasayansi na wenye viwanda vya sabuni. Na kama unajiuliza mwani wa kijani unamudhuru nani: mwezi wa 8 mwaka 2014, muji wa Toledo kule Marekani, watu karibu nusu milioni waliambiwa wasinywe maji ya robine, juu mwani wa Lake Erie ulikuwa umetoa sumu ikaingia mpaka kwa mutambo wa maji. Wakaambiwa pia wasiyachemshe, maana kuchemsha hakuvunji ile sumu, kunapunguza maji na sumu inabaki palepale imekolea zaidi.

Sasa tuje kwetu. Kivu ni ziwa la ajabu kidogo, juu iko na maji mawili yasiyochanganyika. Ya juu, mita kama 60 hivi, yanazunguka na upepo wa kiangazi, yako maskini wa fosforasi, na njo maana unasimama Muhumba, ukingoni mwa Bukavu, unaona chini mpaka mawe. Ya chini, mpaka mita 485, yamelala miaka mingi na chumvi zake, na gesi zake ambazo kila mutu anazijua, na pia na fosforasi na amonia mingi sana, maana kila kinachokufa juu kinazama, na kurudi ni polepole sana. Wanaochota gesi metani upande wa Rwanda wanavuta maji ya chini, wanatoa gesi, kiisha wanalazimika kuyarudisha chini tena, si kuyamwaga juu, na hiyo fosforasi ni moja ya sababu kubwa. Ukiyamwaga juu umelisha mwani wa ziwa muzima kwa bomba.

Ila hiyo ni fosforasi inayojulikana na iko na sheria zake. Ile ya muji haina mwenyewe. Bukavu iko juu ya vilima, nyumba nyingi ziko na fosi septike (tangi la chini la maji ya choo) au choo cha shimo tu, mvua ya mwezi wa 11 ikinyesha Kadutu inasukuma kila kitu kwenye muto Kawa, na Kawa inamwaga ziwani. Ukienda pale mulangoni wake baada ya mvua utaona maji ya kahawia yanaingia kwenye maji ya bluu na mustari kati yao unaonekana kwa macho, na mita chache tu kutoka hapo wamama wanafula nguo na watoto wanajaza bidoni. Sabuni ya unga nayo iko na sehemu yake, aina nyingi zilitengenezwa na fosfati ya kulainisha maji, Ulaya waliibana kwa sabuni za kufulia za nyumbani toka mwaka 2013, huku kwetu mufuko unaonunua sokoni mara nyingi hauandiki kitu.

Kuitoa fosfati ndani ya maji si jambo jipya. Njia ya kawaida ni kutia chumvi ya chuma au ya aluminiamu, ile alumini salfati ambayo mitambo mingi ya maji inaijua, inashikana na fosfati inakuwa matope, unayaacha yatue chini. Inafanya kazi, si ghali sana, lakini unabaki na mulima wa matope yasiyo na kazi. Kuna njia ya vijidudu pia, inataka mutambo mukubwa na umeme usiokatika, kwa hiyo tuiache. Halafu kuna hii ambayo watu wa labo wanaipenda kuliko zote, hidroksidi dabo za matabaka, tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika HDL, kwa Kiingereza wanaandika LDH, ni kitu kilekile.

Jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Dabo ni juu ya metali mbili, si juu ya matabaka mawili, hapo wengi wanachanganya. Chukua hidroksidi ya magneziamu: ni mabamba membamba sana, kila atomu ya magneziamu imezungukwa na hidroksidi sita, bamba juu ya bamba, bila chaji yoyote. Sasa toa baadhi ya magneziamu, weka aluminiamu fasi yake. Magneziamu ilikuwa na chaji mbili chanya, aluminiamu iko nazo tatu, kwa hiyo kila fasi uliyobadilisha bamba linabaki na chanya moja ya ziada. Asili haivumilii hiyo, lazima kitu chenye chaji hasi kije kusawazisha, na kwa sababu ndani ya bamba kumejaa, kinakaa katikati ya bamba na bamba pamoja na maji kidogo. Unene wa bamba ni nusu nanomita hivi, nafasi ya katikati ni nanomita 0.3 kama imekaliwa na kabonati. Kwa kawaida aluminiamu inachukua kati ya fasi moja kwa tano na moja kwa tatu, ukizidisha hapo inaanza kujitenga na kujenga hidroksidi yake yenyewe pembeni.

Kitu hicho kiko mpaka chini ya ardhi. Kilipatikana Norwe mwaka 1842, jiwe jeupe laini linaloitwa hidrotalsiti, fomula yake sahihi ikatolewa na Manasse wa Italia mwaka 1915, na umbo la mabamba lilithibitishwa na eksirei mwishoni mwa miaka ya 1960. Na pengine umeshakimeza bila kujua, juu hidrotalsiti inauzwa farmasi kama dawa ya asidi ya tumbo. Hiyo peke yake inakuambia mambo mawili: kwamba haiui, na kwamba asidi inaiyeyusha. Lile la pili tutalirudia.

Kutengeneza si siri. Unayeyusha kloridi ya magneziamu na kloridi ya aluminiamu, sehemu tatu kwa moja au mbili kwa moja, maji yanabaki meupe ya kuona chini. Pembeni unakuwa na sodi ya kostiki. Unadondosha vyote pole pole kwenye bekeri inayozungushwa na unachunga pH (kipimo cha asidi, 7 ni katikati, chini yake ni asidi) isitoke karibu na 10. Tone la kwanza linaacha wingu jeupe linalotoweka, la pili vilevile, kiisha kuna tone moja wingu halitoweki tena, na toka hapo kila kitu kinakuwa cheupe kizito mpaka ile sumaku ya kuzungusha inaanza kugonga ukuta wa bekeri. Unaacha kwenye joto usiku ili mabamba yakae sawa, unachuja. Na hapa njo pale vijana wa labo wanachoka, juu ile kitu inaziba karatasi ya kuchujia, maji yanapita tone kwa tone, unaosha chumvi, unasubiri, unaosha tena. Ikikauka inakuwa unga mweupe, ukiuponda unashika vidole. Hakuna mashine ya ajabu hapo, sehemu ngumu ni kununua kemikali safi na kuwa na pH-mita inayosema ukweli.

Sasa kukamata fosfati. Zile chaji hasi zilizokaa katikati hazikufungwa, ni wapangaji. Akija mupangaji mwingine anayelipa vizuri, wa zamani anatoka, na hapa kulipa ni chaji na umbo: mwenye chaji mbili anashika chumba kwa nguvu kuliko mwenye chaji moja. Nitrati ni mupangaji dhaifu kabisa, anatolewa na yeyote. Kloridi anamupita kidogo, floridi anapita kloridi, salfati anakuwa na nguvu, na juu ya wote kuna kabonati, bamba dogo lililolala sawasawa kati ya mabamba mawili, na huyo akishaingia kumutoa ni kesi ya mahakama. Fosfati, kwa maji yenye pH juu ya 7.2, wingi wake ni ya chaji mbili, kwa hiyo anaingia vizuri kwa nyumba ya kloridi au ya nitrati. Kwa nyumba ya kabonati anabaki barabarani.

Kwa haki ya fosfati, hana njia moja tu. Anaweza pia kushika ukingo wa bamba, anasukuma hidroksidi na kujifunga moja kwa moja na metali, na hapo anashika kuliko mupangaji yeyote, njo maana hata HDL yenye kabonati inakamata fosfati kidogo, kwa nje. Na kama metali ni kalisiamu badala ya magneziamu, mabamba yenyewe yanayeyuka polepole na kalisiamu inajenga fosfati ya kalisiamu, kitu cha ukoo mumoja na mufupa. Watu wanaandika kwamba HDL inabadilishana tu, lakini kwa kweli mambo haya matatu yanaenda pamoja, na kipi kinaongoza inategemea metali, pH na muda.

Turudi kwa kabonati, juu yeye njo habari yenyewe ya hii makala. Kabonati inatoka wapi? Hewani. Unatengeneza HDL yako ya kloridi, unaiacha bekeri wazi, pH iko 10, gesi ya kaboni inaingia na kugeuka kabonati, na asubuhi unakuta vyumba vimeshakaliwa. Njo maana kwa labo wanachemsha maji kwanza na kupuliza nitrojeni juu yake wakati wote. Sasa utafanyaje hiyo kwa tangi ya maji machafu Nyawera, hapa Bukavu?

Kuna ujanja moja wa kumufukuza, ni moto. HDL ya kabonati ukiichoma kwa nyuzi 400 mpaka 500, maji yanatoka, kabonati inatoka na moshi, mabamba yanaanguka, inabaki oksidi iliyochanganyika. Na hapa kuna kitu ambacho mimi binafsi naona kizuri kuliko vyote: ukiirudisha ndani ya maji, inajijenga upya, mabamba yanarudi, na katikati inavuta chaji hasi yoyote inayoikuta ndani ya maji hayo. Wanasema iko na kumbukumbu. Kama inayoikuta ni fosfati, inafungia fosfati ndani kabisa wakati inajijenga. Ila ujue wakati huo inatoa hidroksidi mingi, pH ya maji inaweza kupanda mpaka 10 au 11, hayo maji huwezi kunywa hivyo wala kuyamwaga ziwani bila kuyarekebisha.

Sasa weka hayo yote mbele ya ziwa Kivu. Maji ya juu ya Kivu yako na pH karibu 9, na bikaboneti (ndugu ya kabonati mwenye chaji moja) mamia ya miligramu kwa lita, juu volkano na gesi ya chini vimeyalisha kaboni miaka na miaka. Tuseme fasi chafu karibu na ukingo fosforasi imefika miligramu 1 kwa lita, ambayo kwa ziwa ni mubaya sana. Ukigeuza hesabu kwa idadi ya chembe, kwa kila fosfati moja kuna mamia ya bikaboneti zinazosubiri mulango ule ule, na kwa pH 9 sehemu yake iko tayari ni kabonati yenyewe. Na pH hiyo hiyo inapunguza chaji chanya ya uso wa mabamba, na hidroksidi za maji zinaanza kugombania ukingo. Kwa maneno mengine, ukichukua unga muzuri uliofanya vizuri kwa labo ya Ulaya ndani ya maji ya distile (yaliyotolewa chumvi zote), ukaumwaga kwa Kivu, umenunua kabonati kwa bei ya fosfati.

Hapa naomba niseme wazi kitu kinachonichokesha. Makala nyingi za mambo haya zinakupa tarakimu moja kubwa, miligramu ngapi za fosfati kwa gramu moja ya unga, na kila mumoja anataka yake ipite ya mwenzake. Sasa fanya hesabu mwenyewe. HDL ya magneziamu na aluminiamu, vyumba vyote vikiwa vya kloridi, iko na chaji kati ya milimoli 3 na 4 kwa gramu (milimoli ni namna ya kuhesabu chembe, si uzito). Fosfati ya chaji mbili ikichukua vyote, ni fosforasi miligramu 50 mpaka 60 kwa gramu. Hiyo ni ya karatasi, kwa kubadilishana peke yake. Ukiona tarakimu inapita hapo mbali, ujue kuna kingine kimeingia, fosfati imetua na metali iliyoyeyuka, au imepimwa kama fosfati nzima si fosforasi (fosfati ni nzito mara tatu, tarakimu inapanda bila kazi yoyote). Na angalia kila mara maji waliyotumia: kama ni ya distile na fosfati peke yake, hiyo tarakimu haikuhusu wewe wa Bukavu.

Tufanye mufano. Fosi septike ya nyumba kubwa, maji yanayotoka yako na fosforasi miligramu 10 kwa lita, kitu cha kawaida kwa maji ya choo na jikoni. Fusto la lita 200 linabeba gramu 2. Kwa karatasi unga gramu 40 unatosha. Kwa maji ya kweli, yenye bikaboneti, salfati, uchafu wa kahawia unaojibandika kila fasi, zidisha mara kadhaa, na hapo bado unataka kushuka mpaka chini ya miligramu 1 au 2, kiwango ambacho Ulaya walikiweka mwaka 1991 kwa miji inayomwaga kwa maji yanayoweza kuchafuka. Na kushuka hapo njo ngumu, juu fosfati ikishakuwa chache ushindani unazidi. Lakini inawezekana, na hapa HDL inaanza kupata maana: inakamata fosfati bila kutia chumvi mingi ya ziada ndani ya maji.

Kwa hiyo mimi sioni HDL kwa ziwa, naiona kabla ya ziwa. Fasi ambapo maji yako machache na fosfati iko mingi: fosi septike ya hospitali, maji ya kuosha ya kiwanda cha bia, chuo chenye wanafunzi elfu. Kwa mukojo peke yake hata siipendekezi, juu mukojo ukikaa siku chache urea inavunjika inakuwa amonia na bikaboneti, unarudia ugomvi ule ule, na kuna njia rahisi zaidi: tia chumvi ya magneziamu tu, struviti (chumvi ya magneziamu, amonia na fosfati) inatua chini yenyewe, unapata mbolea. Kila kazi na chombo chake.

Uchafu mwingine tuupitie haraka, maana fosfati si peke yake. Goma shida kubwa pengine si fosfati, ni floridi. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa moshi wenye floridi, inashuka na mvua, inaingia kwa maji ya paa na ya visima, na mwisho unaona meno yenye madoa ya kahawia kwa watoto wa upande ule, OMS (shirika la afya la dunia) inasema isipite miligramu 1.5 kwa lita. HDL iliyochomwa inakamata floridi vizuri, ila bikaboneti nayo iko palepale inagombania, na pH inapanda vilevile. Upande wa Arusha na Nakuru wanatumia mifupa iliyochomwa kwa kazi hiyo, na kwa nyumba ya kawaida sioni sababu ya kuacha mufupa kwa ajili ya HDL, labda iwe kituo chenye fundi wa kupima. Arseniki na kromu ile mubaya ya viwanda (kromu VI), HDL inazipenda, ziko na chaji hasi na zinaingia. Nitrati haiipendi, usiitumie huko. Lubumbashi mutu ataniuliza kuhusu shaba na kobalti ya maji ya migodi: hizo ziko na chaji chanya, hazikai katikati ya mabamba, zinatua nje juu HDL inapandisha pH, na kwa kazi hiyo chokaa ya kawaida inakushinda kwa bei. Tena maji ya mugodi yakiwa na asidi, chini ya pH 5 hivi mabamba yanayeyuka, aluminiamu inaingia ndani ya maji, umeongeza shida. Kipindupindu? Vijidudu na virusi vingi viko na chaji hasi usoni, vinajibandika kwa HDL, watu wamevipima, lakini kwa maji ya kunywa endelea na kloro yako, hakuna unga unaochukua fasi ya kloro.

Unga ukishajaa, unaenda wapi? Unaweza kuuosha na sodi ya kostiki pamoja na chumvi, fosfati inatoka, unaitia kalisiamu inatua, unga unarudi kazini, kila raundi ukipoteza kidogo. Au hauuoshi, unaupeleka shambani. Na hapa kwa Kivu Kusini kuna kitu cha kweli: udongo wa Walungu na Kabare, ule mwekundu wa vilimani, uko na asidi na chuma na aluminiamu mingi, mbolea ya fosfati ukiitia leo inafungwa na udongo kabla maharagi hayajaiona. HDL yenye fosfati ndani ya udongo wa asidi inayeyuka pole pole, inaachia fosfati kidogo kidogo, inaongeza magneziamu na kupunguza asidi karibu na muzizi, ile tabia ya dawa ya tumbo inakuwa faida. Majaribio ya udongo wa asidi yaliyofanywa nje yanaonyesha inaweza kufanya vizuri, ila kwa mutu anayetaka kulima msimu huu, mbolea inayoyeyuka haraka bado inatangulia. Na kama unga umetoka kwa maji ya hospitali au ya kiwanda, upime metali kwanza, juu ulichokamata si fosfati peke yake, kromu yote iliyopita imo.

Bado mambo mawili ya mikono. Unga laini ukiutia ndani ya tangi hautoki tena, unazunguka na maji, kuuchuja ni mateso yale yale ya bekeri, kwa hiyo lazima ufanywe chembe, uchanganywe na udongo wa kufinyanga au aljinati (gundi ya mwani wa bahari) au ubandikwe kwa makala (makaa) yaliyosagwa, na kila gundi unayoongeza inapunguza vyumba. Watu wengine wanaubandika juu ya chembe za chuma ili uvutwe na sumaku, ni muzuri kwa video.

La pili ni moto. Nyuzi 450 kwa labo ni kubonyeza kitufe, kwa Bukavu ni makala, na makala yanatoka msituni. Nimeshasikia pendekezo la kuchoma unga kwa tanuru la matofali, moto uko tayari, kwa nini usitumiwe? Tatizo ni kwamba kumbukumbu ya HDL iko na mwisho: ikipita nyuzi 600 au 700 magneziamu na aluminiamu zinaanza kujifunga kuwa spineli, jiwe gumu ambalo haligeuki tena mabamba, na tanuru la matofali linapita hapo kila siku. Unga unatoka mweupe vilevile, kwa macho hauoni tofauti. Kama utajaribu, weka unga pembeni ya tanuru si katikati, kiisha upime kabla ya kuuamini: chukua maji uliyoyatia fosfati mwenyewe, tingisha na unga saa kadhaa, chuja, tia molibdati na asidi ya askobiki, ile dawa inayotoa rangi ya bluu fosfati ikiwemo, na weka pembeni yake maji ambayo hayakuguswa na unga. Bluu zikilingana, pengine tanuru lilikuwa na moto kupita kiasi, unga huo umekufa.